Mfalme wa Pua Mbili

Mama zangu, na ninyi akina baba wachache mliokaa nyuma karibu na mlango mkidhani mtatoroka kabla ya sadaka, nawaona. Kaeni vizuri. Mfano wangu leo haumhusu mtu yeyote wa usharika huu. Nalisema hilo mapema kwa sababu nawajua: tukitoka tu hapa mtaanza kubanana kwenye kona, "Alikuwa anamsema nani?" Simsemi mtu. Mjane ninayemleta mbele yenu hana jina, na mtaa wake hauna jina. Mkimfahamu, mtakuwa mmemfahamu wenyewe, mimi simo.

Basi alikuwapo mjane huyo, aliolewa na mtoto wa mwisho. Na kwetu mnajua, mtoto wa mwisho ndiye anayebaki kwenye nyumba ya wazazi. Kwa hiyo mke wake hurithi vitu ambavyo hakuvitafuta. Huyu alirithi jiko la moshi, migomba, mbuzi mwenye hasira, na mama mkwe mwenye hasira kumzidi mbuzi. Tena alirithi soksi moja.

Ndiyo, soksi. Soksi ya sufu ya mtoto mchanga, rangi ya maziwa, moja tu, haina mwenzake. Ndani yake zilikuwamo sarafu za fedha, fedha yenyewe halisi, kongwe kuliko mtu yeyote mtakayemtaja. Zilikaa ndani ya kopo la bati pamoja na majani ya mwarobaini ili wadudu wasile sufu, na kopo lilikaa darini juu ya jiko.

Zilifikaje huko? Hapo ndipo utamu ulipo. Wakati wa vita vile vikubwa vya Wazungu, waliletwa huku kwetu chini ya mlima watu wa nchi inayoitwa Polandi. Kina mama na watoto, wengi wao. Walikuwa wamefukuzwa kwao, wakatupwa kwenye baridi, wakazungushwa dunia nzima kama mzigo usio na mwenyewe, mpaka wakashushwa hapa, wakajengewa vibanda vya duara vyeupe. Bibi wa nyumba ile, yaani mama wa mama mkwe, alikuwa akiwapelekea maziwa na ndizi. Akapatana na mama mmoja wa Kipolandi. Walisemezana kwa mikono na kwa kucheka, wala hawakukosana hata mara moja. Nadhani ndiyo sababu hawakukosana.

Siku Wapolandi walipoondoka, yule mama alikuja na soksi ya mtoto wake ameifunga fundo. Akamwekea bibi mkononi. Kwa Kiswahili chake kilichovunjika alisema maneno ambayo nyumba ile haikuyasahau: "Kila mahali nimepita, wamenipora. Hapa sikuporwa. Hizi zikae hapa. Nitarudi, au atarudi mtoto."

Hakurudi. Bibi akafa, akamwachia binti yake. Binti, ambaye ndiye mama mkwe wetu, akakaa nazo mpaka akazeeka, na alipoona magoti yamemkataa akamwita mkwe wake jikoni, akashusha kopo, akamwonyesha.

"Unamwona huyu?" akamwuliza.

Mkwe akaangalia. Kwenye sarafu kulikuwa na mwanamume mwenye taji, ndevu zilizochongoka, na kola pana shingoni kama ameingiza kichwa kwenye sahani.

"Ni nani, mama?"

"Mfalme wao wa zamani. Jina lake silijui wala halinihusu. Kinachonihusu ni kimoja. Wakija kumchukua, arudi kama alivyokuja. Umesikia? Kama alivyokuja."

"Nimesikia, mama."

Mama mkwe akafa. Mwana naye akafa, Mungu amrehemu, alikuwa mpole yule. Akabaki mjane na soksi.

Sasa sikilizeni, mama zangu. Jumapili moja Mwinjilisti alisimama kwenye matangazo akasema kuna mgeni anakuja kutoka Polandi. Mama mtu mzima. Alizaliwa huku kambini akaondoka bado anashikwa mkono, na anatafuta nyumba iliyomtunzia mama yake amana. Atafika katikati ya juma.

Kanisa zima likageuka kumwangalia mjane. Mnajua shingo zetu zinavyogeuka.

Alirudi nyumbani amejaa furaha. Miaka yote ile, na leo mzigo unatua! Akashusha kopo, akafungua soksi, akazipanga sarafu kwenye ungo pale uani, kwenye jua. Na kwa kuwa hapakuwa na la kuficha, akaacha lango wazi. Mama zangu, lango likiachwa wazi kwetu, nani hupita bila kuingia?

Wakaja waliotoka bombani na ndoo zao vichwani. Wakainama. Wakatazama. Na wa kwanza kuona alikuwa yule ambaye siku zote huwa wa kwanza kuona.

"Mh! Mbona hizi hazina mviringo?"

Ni kweli. Ukingo wa sarafu zile ulikuwa umekwenda upande. Hii imechongoka, hii imelala bapa, hii imepasuka kidogo kama chapati iliyokauka. Maandishi yaliyozunguka kichwa cha mfalme yalikuwa yameliwa nusu kwa nje.

"Zimekatwa hizi," mwingine akasema. "Angalia hapa. Mkasi huo."

"Fedha imekwenda wapi?"

Macho yote yalikwenda sehemu moja. Kwa sababu pale mlangoni alikuwa amesimama wifi wa mjane, dada wa marehemu, na masikioni mwake zilining'inia hereni za fedha. Hereni zile tuliimbiwa sana. Mwenyewe alikuwa akizisema kila harusi: fedha tupu, nilinunua Mombasa, msiguse.

Basi. Ndoo zikapandishwa vichwani, wakaondoka kimya kimya. Kimya kile mnakijua. Kikifika kwenye kona kinafunguka.

Kabla jua halijazama, mtaa mzima ulikuwa na habari kamili. Kwamba mama mkwe, yule mlokole, ndiye aliyekuwa akikata pembe za mfalme kidogo kidogo. Kwamba binti yake alitengenezewa hereni. Kwamba, na hili ndilo lililomchoma mjane mpaka mfupa, "Yule mama wa Kipolandi aliporwa kote alikopita, na hapa pia aliporwa, ila hapa walimpora polepole."

Tena palikuwa na jambo baya zaidi. Moja ya sarafu zile, kubwa kuliko wenzake, mfalme wake alikuwa na pua mbili. Msicheke. Pua mbili, moja mbele ya nyingine, na ndevu mbili, na kola imejirudia kama mtu anayejitazama majini. Wakasema mtoto wa nyumba ile aliichezea kwa msumari.

Mjane alijifungia jikoni. Kilichomliza hakikuwa sarafu. Alikuwa akimlilia mama mkwe. Mwanamke yule alikuwa mkali, ndiyo, alimkataza chumvi, alimkataza kulala mchana, lakini hakuwahi kula hata punje ya mtu. Leo yuko kaburini, hawezi kujibu, na anasemwa mwizi. Na mgeni akifika akazikuta hivi, atasemaje? Atakwenda kwao kusimulia nini?

Wifi akaingia, hereni zinatikisika kwa hasira.

"Unalia nini sasa? Unataka mgeni akute haya madudu?"

"Ndivyo zilivyokuwa, wifi."

"Ndivyo zilivyokuwa! Nani atakuamini? Mimi nimeitwa mwizi njia nzima kutoka dukani. Wapeleke kwa fundi hao wafalme. Awanyooshe. Akate pembeni ziwe mviringo kama shilingi za watu, azing'arishe, na huyo wa pua mbili amrudishie uso wa kibinadamu."

"Mama alisema warudi kama walivyokuja."

"Mama hajui tunavyosemwa."

Hebu niambieni. Mngekuwa ninyi, mngefanyaje? Msijibu haraka. Mtu akisemwa asubuhi anacheka. Akisemwa mchana ananyamaza. Jioni anaanza kujitazama kwenye kioo. Mjane alitazama zile sarafu tena, na safari hii, mama zangu, aliona zimekatwa. Miaka yote alikuwa anaona sarafu kuukuu. Sasa aliona wizi. Macho ni yake, lakini alikuwa amekopeshwa kuona na watu wa bombani.

Kesho yake akafunga soksi kwenye pindo la kanga, akaenda njia panda kwa fundi anayechomelea mageti. Kijana hodari, tena huwatengenezea watu pete kwa mabomba mabovu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka unitengenezee hizi, zinyooke."

Fundi akamimina sarafu kwenye kiganja. Akaokota ile kubwa.

"Huyu mzee alipigana?"

"Huyo ni mfalme."

"Mfalme ana pua mbili?"

"Ndiyo maana nimekuja. Anza na huyo. Pua moja ifute."

Fundi akaibana sarafu kwenye jiliwa lake, kile chuma cha kubania kazi, akakaza. Akachukua tupa, akaipuliza vumbi. Mjane akafumba macho. Alikuwa anangoja ile sauti ya chuma kukwaruza, kwaru, kwaru, iishe, arudi nyumbani.

Sauti haikuja.

"Mama."

"Ee."

"Nifute ipi?"

Mjane akafumbua macho. "Ipi nini?"

"Pua. Ziko mbili. Nifute ipi, nibakize ipi?"

"Si ile ya uongo?"

"Ya uongo ni ipi?"

Wakainama wote wawili, vichwa vyao vikagusana juu ya jiliwa.

"Ya kulia," mjane akasema.

"Kulia kwako au kulia kwake?"

"Kwani yeye ananiangalia mimi?"

"Anaangalia pembeni, mama. Angekuwa anatuangalia, kazi ingekuwa rahisi. Sasa nikifuta hii ya mbele, jicho linabaki mbali na pua, atakuwa kama samaki. Nikifuta hii ya nyuma, inaondoka na mdomo. Wewe niambie tu ya kwake ni ipi, nitafanya kazi. Mimi siwezi kufuta pua ya mfalme wa watu kwa kubahatisha."

Mjane akatoa simu, akampigia wifi.

"Wifi, pua ya kweli ni ipi?"

"Pua ya nani?"

"Ya mfalme!"

"Mimi nitamjulia wapi? Alikuwa shemeji yangu?"

"Si wewe uliyesema anyooshwe?"

"Nilisema anyooshwe. Mambo ya pua ni juu yako. Au waulize hao wa bombani, si ndio wanaojua kila kitu?"

Hapo wifi alisema neno la maana bila kukusudia. Kwa sababu mjane alisimama pale, simu sikioni, akawaza: kweli, nani wa kumwuliza? Mtaa mzima umesema uso ule umeharibika. Nani kati yao ameuona ukiwa mzima?

"Fungua jiliwa, mwanangu," akasema. Kisha akaongeza, "Hapana, ngoja. Acha nifikiri." Kwa maana aibu ni kitu kizito, haiondoki kwa wazo moja.

Alikuwa bado anafikiri simu ikalia mkononi mwake. Mwinjilisti.

"Mama, uko wapi? Mgeni amewahi. Tumeshaingia nyumbani kwako. Na uani hapa, ee, kuna watu."

Fundi akazungusha mpini wa jiliwa, sarafu ikadondoka kwenye kiganja cha mjane ikiwa na pua zake zote. Akakimbia. Mama mtu mzima, viatu mkononi, anakimbia kando ya barabara ya lami, na soksi ameikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa anayepelekwa zahanati.

Uani palijaa. Wa bombani wote walikuwapo, na safari hii bila ndoo, ujue walikuja kwa kazi moja tu. Wifi alisimama peke yake karibu na banda la mbuzi. Katikati, kwenye kiti cha wageni, alikaa mwanamke wa Kizungu, mwembamba, nywele nyeupe kama pamba. Alipomwona mjane akainuka. Akasema, "Hodi."

Watu wakaangua kicheko, maana anayepiga hodi amekaa ndani na mwenye nyumba ndiye anayeingia. Yeye naye akacheka. "Kiswahili kidogo tu," akasema. "Hodi, ndizi, toka nje, acha kelele." Ndicho kilichobaki kichwani mwake tangu utoto, maskini. Yaliyosalia alisema kwa Kiingereza, na Mwinjilisti akawa anatafsiri.

Mjane akamwekea soksi mikononi. Mgeni hakuifungua. Aliishika ile sufu, akaingiza vidole viwili kwenye tundu, akavitikisa kama mguu wa mtoto. "Hii ilikuwa yangu," Mwinjilisti akatafsiri.

Lakini mjane hakuweza kungoja. Mtu aliyebeba aibu usiku kucha hawezi kungoja. Akasema kwa sauti, "Mwambie kabla hajafungua. Mwambie tulizipokea hivyo. Ukingo wake hatukuukata sisi. Mama mkwe hakukata. Na huyo mwenye pua mbili, hakuna mtoto aliyemgusa. Nilikuwa nampeleka kwa fundi, ndiyo, sikatai, lakini tupa haikumgusa."

Kutoka nyuma sauti ikasema, si kubwa sana, ya kutosha tu, "Masikio ya wifi yaulizwe."

Mama zangu, nilitamani mngekuwapo. Wifi alitoka kwenye banda la mbuzi kama amerushwa. Akachomoa hereni, moja, ya pili, akazitupa kwenye ungo.

"Si fedha!" akapiga kelele. "Haya, mmefurahi? Si fedha! Nilinunua kwa mmachinga stendi, Mombasa sijawahi hata kufika. Njooni mtazame masikio yangu, yamekuwa ya kijani!"

Na kweli yalikuwa ya kijani. Mwanamke yule alisimama mbele ya mtaa mzima na kuchagua kuitwa mwongo ili mama yake asiitwe mwizi. Mimi tangu siku ile namheshimu, ingawa bado anapenda kujionyesha.

Mgeni alikuwa akitazama huku na huku bila kuelewa. Mwinjilisti akamweleza polepole. Alipomaliza, mgeni akavuta uzi uliokuwa shingoni mwake, akatoa kijifuko, akatoa kutoka humo sarafu. Mfalme yuleyule, kola ileile kama sahani. Akaiweka kwenye ungo kando ya hereni. Na ukingo wake, jamani, ulikuwa umekwenda upande. Umechongoka huku, umelala huku, maandishi yameliwa nusu.

"Mama yangu aliondoka na hii moja," akasema. "Zote zilikuwa hivi. Zimezaliwa hivi."

Akawaeleza, na mikono yake ikawa inapiga hewani. Kwamba zamani zile sarafu hizi ziligongwa kwa mkono. Mtu alikata kipande cha fedha kwa mkasi, akakiweka juu ya muhuri wa chuma, akaweka muhuri mwingine juu yake, akapiga nyundo. Kipande kikikaa upande, mfalme naye anakaa upande. Hakuna iliyofanana na nyingine.

Kisha akamimina soksi kwenye ungo na kuanza kutafuta kwa kidole, haraka haraka, kama mtu anayetafuta uso wa ndugu yake kwenye umati wa stendi. Akaipata ile kubwa. Akaisogeza machoni. Na yule mama mwenye nywele nyeupe akacheka kama msichana.

"Huyu hapa! Pua mbili!"

Mjane akashika shavu. "Anamjua?"

"Nyundo ilipigwa mara mbili," Mwinjilisti akatafsiri, naye anacheka na kufuta macho, "sarafu ikiwa imeteleza kidogo. Anasema alipokuwa mdogo, akiumwa homa kambini, mama yake alimpa huyu achezee. Alimwambia mfalme ana pua mbili kwa sababu moja ni ya siku za kazi na nyingine ni ya Jumapili."

Uani pote pakavuma kicheko, hata mbuzi akashtuka.

Kisha mgeni akaacha kucheka. Akamshika mjane mkono, akasema maneno ambayo Mwinjilisti aliyatafsiri polepole ili yasimwagike.

"Anasema mama yake alipokuwa anakufa alimwambia: nenda ukaulize. Wakikuletea mfalme wa pua mbili, ujue ndio wenyewe. Lakini wakikuletea sarafu nzuri, za mviringo, zinazong'aa, shukuru, kunywa chai yao, urudi nyumbani. Hizo zitakuwa si zetu."

Mama zangu! Mjane akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaweka kanga usoni, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka, hata yeye mwenyewe. Alikuwa anaiona ile tupa, na fundi anavyoipuliza vumbi. Pua moja! Kwa pua moja tu angemrudisha mgeni yule kwao mikono mitupu, na mama mkwe angebaki mwizi milele, na ushahidi ungekuwa umeng'arishwa kwa mkono wa mkwe wake mwenyewe.

Mgeni akainama hadi sikioni mwake. Hakungoja tafsiri. Alisema kwa Kiswahili, neno kwa neno, jinsi mama yake alivyomfundisha: "Hapa sikuporwa."

Wakanywa chai. Usiku ule mjane alilala kama mtoto aliyeshiba, na kopo lilikaa darini tupu, jepesi.

Haya. Sasa mnangoja fundisho, na wengine mmeshalipata, nawaona mnavyotikisa vichwa. Mnasema: "Sisi ndio sarafu. Mungu alitugonga kwa mkono wake, tumekaa upande, tuna pua mbili, na bado atatujua kwa hizo hizo siku ya kuja kutuchukua. Tusijipeleke kwa fundi." Amina? Amina. Ni kweli, nendeni nalo, litawafaa mkiwa peke yenu.

Lakini mmeitikia haraka mno. Mmejiona sarafu, wote, kanisa zima. Nani amejiona tupa?

Mbona kimya?

Tuulizane vizuri. Ni nani aliyempeleka mjane njia panda? Fundi? Fundi hakumwita. Wifi? Wifi alikuwa amechomwa naye. Tuliompeleka ni sisi, tuliosimama uani na ndoo vichwani, tukasema "mh!" Ile "mh" ndiyo tupa. Hatukusema uongo mwingi, tuliona tu ukingo umekwenda upande, tukamalizia wenyewe yaliyobaki. Na kwa "mh" hiyo tulikaribia kukwaruza uso wa marehemu, na wa mjane, na wa mfalme wa watu, katika asubuhi moja.

Nani hapa hajawahi kumfanyia mwenzake hivyo? Yule binti aliyerudi kwao na watoto. Yule anayesali kwa sauti kubwa, na yule asiyesali kabisa. Mzee fulani wa baraza, simtaji, amekaa dirishani. Tumewatazama wote, tukaona pua mbili, tukachukua tupa. Sawa. Mimi nauliza swali la fundi tu, kijana wa mageti aliyekuwa na akili kuliko mtaa mzima: tufute ipi? Kulia kwetu au kulia kwao? Ni nani kati yetu alikuwapo nyundo ilipopigwa, akauona uso ule ulivyokusudiwa, hata aseme hii ni pua na hii ni kosa?

Basi tushangilie, mama zangu. Ndiyo, tushangilie, msiinamishe vichwa. Kwa sababu siku ile tupa ilichelewa. Na tazameni pembeni yenu. Yule mliyemsema juzi yuko hapa. Amekaa kwenye benchi moja na ninyi, ameshika kitabu cha nyimbo, mzima, na pua zake zote. Maneno yetu hayakummaliza. Mungu alifungua jiliwa akamdondosha kiganjani mwake kabla hatujakwaruza. Hiyo ni huruma kwake, na kwetu ni huruma zaidi, maana mngemtazamaje Mwenyewe aliyemgonga, akija kumwulizia?

Simameni tuombe. Mkitoka hapa, mtu akianza pale langoni, "Mh, mmemwona fulani?" mwulizeni pua ipi, mwone atakavyotafuta pa kwenda. Na ninyi mnaoona aibu kusogea mbele kwa sababu ya ukingo wenu, sogeeni. Mwenye pua ya Jumapili aje nayo. Mwenye ya siku za kazi aje nayo hiyo hiyo, tena asiifute jasho.